Gari linalia: namna ya kuusaka mlio na kujua kama unaweza kufika gereji

"Gari langu linalia ko-ko-ko mbele, tatizo ni nini?" Swali hili haliishi, na kwa namna linavyoulizwa halijibiki. Ko-ko-ko ya mbele inaweza kuwa stabilaiza linki (kifimbo cha kuunganisha saspensheni) iliyochoka, sivi jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) iliyolika, nati za tairi ambazo hazikukazwa, au beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, shafti kuu ya injini) zinazoelekea kuua injini. Ya kwanza unaweza kutembea nayo wiki mbili bila hasara kubwa. Ya tatu inaweza kukung'olea tairi barabarani, na ya nne inaweza kukuachia injini ya kutupa kabla hujafika mwisho wa mtaa.

Kwa sikio, milio yote hiyo inakaribiana. Inatenganishwa na kile inachokifuata: mzunguko wa injini, mzunguko wa tairi, breki, usukani au tuta. Kazi yako, hata kama hujawahi kushika spana, ni kujua mlio unafuata nini na unatoka upande upi. Fundi akiambiwa "unaanza kwenye kilomita 60 kwa saa, unakua nikikata kushoto, na breki haiubadilishi", anakwenda moja kwa moja kwenye beringi ya tairi la upande wa kulia. Akiambiwa "gari linalia", anaanza kubahatisha vipuri, na kamari hiyo unailipa wewe.

Milio isiyosubiri uchunguzi

Ukisikia mojawapo ya hii, usiendelee na majaribio ya hapa chini. Toka barabarani na usimame.

- Kugonga kuzito kutoka chini ya injini, ngo-ngo-ngo, kunakoongezeka kasi ukikanyaga mafuta. Taa nyekundu ya oili ikiwaka pamoja nako, zima injini palepale na uite gari la kuvuta. Bila presha ya oili, beringi zinasagana chuma kwa chuma, na kila dakika unayoongeza inaondoka na krankshafti.
- Chuma kusaga chuma ukikanyaga breki, au pedeli ya breki kuzama kuliko kawaida.
- Kugonga au kuyumba kulikoanza muda mfupi baada ya tairi kufunguliwa. Simama upime nati zote. Nati iliyolegea huharibu uzi wa stadi (boliti inayoshika nati), kisha tairi linatoka lenyewe.
- Mlio wa mvuke, shhh, huku mshale wa joto ukipanda. Zima injini. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka injini ipoe kabisa. Maji ya mle ndani yako kwenye presha, na ukifungua yanaruka usoni yakichemka.
- Kishindo kwenye usukani pamoja na usukani kuwa mlegevu au gari kujiendea upande.

Vitu vya kuwa navyo

- Mtu wa pili. Dereva na msikilizaji wakiwa mtu mmoja, nusu ya milio inapotea.
- Simu ya kurekodi sauti, na karatasi ya kuandika.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Jeki, stendi mbili za jeki, wili spana, na vigingi au mawe ya kuzuia magurudumu.
- Mpira wa maji wa kipenyo cha kidole, urefu wa mita moja hivi. Ncha moja sikioni, nyingine unaitembeza karibu na injini. Bisibisi ndefu yenye mpini mkubwa nayo hufanya kazi: ncha unaigusisha kwenye chuma kisichozunguka, mpini unauweka kwenye mfupa ulio mbele ya sikio.
- Chupa ya kupulizia yenye maji safi.
- Barabara tulivu ya lami yenye ukuta mrefu upande mmoja, na eneo wazi la kuzungusha gari.

Vua shanga, mtandio na nguo za kupepea, nywele ndefu zifunge. Feni ya rejeta ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Na ncha ya mpira au bisibisi isikaribie mkanda hata siku moja.

Hatua za kuusaka mlio

1. Ondoa kelele zisizo za gari. Toa kila kitu kwenye buti, chini ya viti, kwenye mifuko ya milango na kwenye droo ya dashibodi. Jeki na wili spana visipofungwa mahali pake hugonga kwenye kila tuta sawasawa na shokapu mbovu, na kuna watu wameshanunua shokapu mbili kwa sababu ya spana. Tikisa namba za gari kwa mkono, kisha lala chini uangalie kava la plastiki la chini ya injini. Likikosa klipu mbili tu, linapigapiga kwa upepo mara mwendo unapoongezeka.

2. Pima oili na vimiminika vingine. Gari liwe mahali tambarare na injini iwe imezimwa kwa dakika 5 hadi 10. Chomoa stiki ya oili, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena ndipo usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kwanza kabla ya kuendelea, kwa sababu tik-tik nyingi za juu ya injini huishia hapo. Angalia pia maji ya rejeta kupitia chupa yake ya pembeni, oili ya pawa stelingi kama gari linayo, na oili ya breki. Oili ya breki ikishuka pole pole bila dalili ya kuvuja, mara nyingi ni pedi zinakwisha: pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zimesogea nje na oili imejaza nafasi iliyobaki nyuma yake. Ukiijaza bila kukagua pedi, umefunika dalili.

3. Sikiliza gari likiwa limesimama, kuanzia likiwa baridi. Uwashaji wa kwanza wa siku una habari ambayo hutaipata tena mpaka kesho yake, kwa hiyo simu ianze kurekodi kabla hujageuza ufunguo. Zingatia sekunde kumi za mwanzo.

Mkwaruzo wa cheni ukikaa sekunde moja au mbili kisha ukakata, mara nyingi ni oili haijafika kwenye tenshena (kikazio) ya taiming cheni, cheni inayooanisha sehemu za injini. Ukivuka hapo, au ukirefuka wiki hadi wiki, cheni au tenshena inakwisha. Pf-pf-pf inayosikika injini ikiwa baridi na kufifia ikipata moto ni moshi unavuja kwenye manifoldi ya ekzosi (bomba la kwanza la kutolea moshi kwenye injini), na chuma kikitanuka ule ufa unajibana. Tafuta masizi meusi kwenye maungio. Huo usiuchukulie kirahisi kama moshi unaweza kuingia ndani ya gari. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua.

Tik-tik nyepesi ya juu ya injini, kama cherehani, ni tapeti (visukuma vali). Kwa injini nyingi za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, tik-tik ya nozeli ni ya kawaida, na dizeli nayo ina kelele yake ya kuzaliwa. Unachotafuta ni mabadiliko: kelele ambayo mwezi uliopita haikuwapo.

Sasa chezea kitu kimoja kimoja huku mwenzako akisikiliza mbele:

- Pandisha injini taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika kisha achia. Kugonga kwa konrodi huwa kuzito, hutoka chini, na mara nyingi husikika zaidi pale unapoachia mafuta na injini ikiwa ya moto.
- Washa kiyoyozi, uzime. Mlio ukija na kiyoyozi, ni kompresa, klachi yake au mkanda unaoizungusha.
- Zungusha usukani. Mlio wa kulalamika, nnnnn, ni pawa stelingi, na mara nyingi oili yake imepungua. Usishikilie usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache, unaichemsha pampu.
- Kwa gari la manyuo (la gia za mkono), kanyaga klachi ukiwa nyutro. Mlio unaokuja ukikanyaga ni beringi ya klachi. Mlio uliokuwapo ukapotea ukikanyaga ni beringi ya shafti ya kuingilia kwenye giaboksi. Jaribio hili la sekunde tano linaamua kama giaboksi inashushwa kwa ajili ya klachi tu au inafunguliwa pia.

Mkanda una jaribio lake. Ukilia kwii-kwii, simama pembeni na upulize maji kidogo upande wenye mifereji, injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi maji yakikauka, puli (vigurudumu ambavyo mkanda unapita) haziko mstari mmoja, kwa hiyo kubadilisha mkanda peke yake hakutasaidia. Ukiongezeka mara tu maji yanapogusa, mkanda unateleza: umelegea, umechoka, au tenshena imekufa. Zima injini, utazame ule mkanda kwa tochi. Nyufa nyingi, kingo zilizochanika au mng'ao wa kioo kwenye mifereji maana yake unahitaji mkanda mpya. Dawa za kunyunyizia mkanda unyamaze zinakununulia siku mbili na kuharibu raba.

Taiming belti, kwa injini zenye mkanda huo badala ya cheni, mara nyingi haitoi mlio wowote kabla ya kukatika. Hiyo inabadilishwa kwa kilomita au miaka iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, hata kama gari liko kimya.

4. Endesha kando ya ukuta. Vioo vyote chini, redio na feni vimezimwa, kilomita 20 kwa saa, ukuta ukiwa upande mmoja. Ukuta unakurudishia sauti ya magurudumu ya upande huo. Geuza gari upite tena, upande wa pili uwe ukutani, ulinganishe.

Kwa milio ya kugonga au kutika, hesabu. Tairi la gari dogo husafiri karibu mita 2 kwa kila mzunguko. Kwenye kilomita 20 kwa saa gari linakwenda mita 5.5 kwa sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka kama mara tatu kwa sekunde. Injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika inazunguka mara 25 kwa sekunde. Kama unaweza kuuhesabu mlio kwa mdomo, tik, tik, tik, na unaharakisha kadiri gari linavyoharakisha, uko kwenye tairi au breki. Kabla ya kuwaza makubwa, kagua tairi lote: msumari au kokoto iliyonasa kwenye kashata (sehemu ya tairi inayogusa barabara) hutoa mlio huohuo. Msumari usiung'oe hapo hapo kama huna tairi la akiba lenye upepo.

5. Jaribio la nyutro. Kwenye barabara iliyonyooka, tupu na tambarare, fika kasi ambayo mlio unasikika vizuri, achia mafuta, weka nyutro kwa sekunde chache. Mizunguko ya injini inashuka lakini gari bado linakwenda. Mlio ukishuka na injini, utafute upande wa injini, kabla ya giaboksi. Ukibaki vilevile, ni magurudumu, beringi, tairi au difu (gia za kwenye ekseli). Ufunguo usiuguse. Ukizima injini gari likiwa linakwenda, unapoteza msaada wa breki na wa usukani, na kwa magari mengi usukani unaweza kujifunga.

6. Kata kona. Hapa ndipo milio ya mbele inapojieleza, na inafaa kurudia mpaka uwe na uhakika.

Mvumo wa vuuu unaokua na mwendo ni wa aina mbili, tairi lililolika vibaya au beringi ya gurudumu, na watu huzichanganya kila siku. Ukiwa kwenye kilomita 50 au 60 kwa saa mahali penye nafasi, yumbisha gari kwa upole kushoto, kisha upande wa pili. Ukikata kushoto, uzito wa gari unalalia magurudumu ya upande wa kulia. Mvumo ukiongezeka hapo na kupungua ukikata upande wa pili, beringi ya upande wa kulia ndiyo mtuhumiwa. Mvumo usiojali kona lakini unaobadilika ukitoka lami mbaya kwenda lami laini ni wa tairi. Pitisha kiganja juu ya kashata, kwenda na kurudi, baada ya kuhakikisha kwa macho kwamba hakuna waya uliochomoza. Kama upande mmoja unateleza na ukirudi unakwaruza kama meno ya msumeno, umeupata. Dawa ni kupima alaimenti (mnyooko wa magurudumu) na kubadilishana tairi nafasi, wala beringi haina kosa.

Kisha nenda eneo wazi, kata usukani karibu na mwisho, na uzunguke polepole huku ukigusa mafuta kidogo. Ta-ta-ta-ta inayoharakisha ukiongeza mafuta ni sivi jointi ya nje. Rudia kwa upande wa pili, kwa sababu kwa kawaida jointi mbovu hulia zaidi gurudumu lake likiwa la nje ya kona. Ile ya ndani ina tabia nyingine: hutikisa gari ukiwa umenyoosha na kukanyaga mafuta, na hutulia ukiachia. Piga tochi kwenye raba zote za jointi. Raba iliyopasuka hurusha grisi nyeusi ndani ya rimu kwa mviringo. Ukiiona kabla jointi haijaanza kulia, kubadilisha raba na grisi kunaweza kutosha. Ikishaanza kulia, grisi mpya haitarudisha chuma kilicholika.

7. Kanyaga breki. Anza kwa upole, kisha kwa nguvu ya kawaida. Mkwaruzo wa mara mbili tatu asubuhi au baada ya mvua ni kutu nyembamba juu ya diski, na unaisha wenyewe. Mlio mwembamba na mkali, kiii, unaorudi kila ukikanyaga, au unaolia gari likitembea na kukata ukikanyaga, mara nyingi ni kibati cha onyo kilichowekwa kwenye pedi makusudi, kinachogusa diski pedi ikikaribia kwisha. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikifika 3, panga kubadilisha. Si magari yote yana kibati hicho, kwa hiyo ukimya si ushahidi. Chungulia pedi ya ndani pia, ile isiyoonekana kwa urahisi kupitia rimu. Pini za kalipa zikikwama, pedi moja inaisha kabisa huku mwenzake ni nzima.

Mkwaruzo mkali ulioanza ghafla baada ya barabara ya changarawe, usiobadilika ukikanyaga breki, mara nyingi ni kokoto iliyonasa kati ya diski na bati jembamba la nyuma yake. Kurudi nyuma mita chache na kwenda mbele mara nyingine huitoa.

Krrr na mtetemo kwenye pedeli ukifunga breki kwa nguvu kwenye utelezi ni ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga) inafanya kazi yake. Usiachie pedeli.

8. Pita kwenye matuta. Mashimo madogo mfululizo kwa mwendo wa kutembea, ko-ko-ko: anza na stabilaiza linki na bushi zake (raba za kwenye maungio). Kishindo kimoja kizito kwenye tuta kubwa: shokapu au maunti (kishikizo) yake ya juu. Kwe-kwe ya kitanda kikuukuu: bushi za raba zilizokauka. Usizipake oili ya injini wala grisi ya kawaida, mafuta ya aina hiyo huvimbisha raba na kuiozesha.

Gari likiwa limesimama, mwenzako azungushe usukani huku wewe umeweka kiganja juu ya springi ya mbele, vidole visiingie katikati ya mizunguko. Springi ikijikaza kisha ikaruka kwa mlio wa dong', beringi ya juu ya shokapu imekwama.

9. Nyanyua gurudumu unaloshuku. Mahali tambarare pagumu. Zuia magurudumu yanayobaki chini, legeza nati kidogo kama utafungua tairi, weka jeki mahali palipotengenezwa kwa ajili ya jeki, kisha weka stendi. Kiungo chochote cha mwili kisiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, mkono mmoja saa 12 na mwingine saa 6, uvute na kusukuma. Likicheza, mwenzako akanyage breki na urudie. Mchezo ukiisha, ulikuwa wa beringi, kwa sababu breki imefunga diski na kalipa pamoja. Ukibaki, ni boljointi (kiungo cha kichwa cha duara) au kiungo kingine cha chini. Rudia saa 3 na saa 9: mchezo wa hapo peke yake ni tairodi endi (kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani).

Halafu, gia ikiwa nyutro na hendibreki imeachiwa kama ni gurudumu la nyuma, zungusha tairi kwa mkono mmoja huku wa pili umegusa springi. Beringi ikiwa nzima, vidole havihisi kitu. Mbovu inaleta mtetemo mdogo wa mchanga kwenye vidole, hata pale sikio halisikii chochote. Linganisha na gurudumu la upande wa pili kabla ya kutoa hukumu.

Ukirudisha tairi, kaza nati kwa mtindo wa msalaba. Magari madogo mengi yanataka kati ya niutoni mita 100 na 120, kitabu cha gari kitakupa yake hasa. Zipime tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

10. Andika. Mstari mmoja unatosha: unafuata nini, upande upi, mwendo gani, baridi au moto, ulianza lini, na kitu gani kiligusa gari kabla haujaanza. Jina la kipuri liache kwa fundi. Ukimwambia "nibadilishie beringi", atabadilisha beringi, na kama haikuwa hiyo kosa ni lako.

Makosa yanayorudiwa

Oili nzito kunyamazisha injini inayogonga. Inapunguza kelele kwa siku kadhaa, lakini nafasi kwenye beringi iko palepale, na injini ikiwa baridi oili hiyo inachelewa kufika juu. Wauza magari wasio waaminifu wanaujua ujanja huu, kwa hiyo injini uliyotaka kununua ikiwa imeshapashwa moto ulipofika, omba kuisikia tena ikiwa baridi.

Kufurahi mlio ukikoma wenyewe. Kibati cha pedi huweza kukatika. Bati la kukinga joto huweza kudondoka. Hakuna kilichopona hapo.

Kukanyaga mafuta mlimani wakati injini inalia kama kokoto ndani ya kopo. Hiyo ni petroli inawaka kabla ya wakati wake au kwa mlipuko. Shusha gia, punguza mguu, na hakikisha petroli ni ya oktani iliyoandikwa kwenye kitabu au ndani ya kifuniko cha tangi. Ikiendelea na mafuta sahihi, kagua plagi, joto la injini na sensa ya noki (ya kutambua mgongo huo). Ukiiacha, inatoboa pistoni.

Muda ulionao

Milio ya mwanzo wa mwongozo huu: sasa hivi. Siku mbili tatu, kwa mwendo wa upole na bila safari ndefu: pedi zilizofika kwenye kibati, mkanda unaoteleza, boljointi au tairodi inayocheza kidogo (ikicheza sana, gari lisitembee), na beringi inayovuma. Beringi inaweza kuvuma wiki nyingi kisha ikachakaa haraka sana mwishoni, kwa hiyo ukishahisi mchezo kwenye tairi muda wako umekwisha. Wiki mbili hadi mwezi: stabilaiza linki, sivi jointi inayolia kwenye kona kali tu, bushi zinazolia. Bati la kukinga joto linalotetema kwenye ekzosi unaweza kulibana mwenyewe kwa klemu ya chuma, ekzosi ikiwa imepoa.

Ukikwama

*Mlio unapotea ukifika gereji.* Liache gari lilale hapo ili fundi aliwashe likiwa baridi, au mpakie fundi kando yako na uendeshe wewe, maana mguu wako ndio unaojua mlio unaanzia wapi.

*Kipuri kimebadilishwa, mlio uko palepale.* Dai kipuri cha zamani ukione. Kisha rudia hatua ya 4 hadi 6 kana kwamba hujui kitu.

*Umeanza baada ya matengenezo.* Anza na kilichoguswa mwisho, hata kama hakihusiani kwa mawazo yako: nati, kava la chini, klipu ya breki, kifuniko cha chujio la hewa.

*Hujui kama ni tairi au beringi.* Badilisha tairi za mbele ziende nyuma, upande uleule. Mvumo ukihama nazo, ni tairi.

*Gari haliwaki, linalia tu.* Tak-tak-tak-tak ya haraka ni betri dhaifu au tamino (vishikizo vya nyaya za betri) zilizolegea ama zenye ukungu mweupe. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Tak moja nzito, taa zikiwa na nguvu, ni stata (mota ya kuwashia injini) au waya wake.

*Maji yanabubujika nyuma ya dashibodi.* Kuna hewa kwenye mfumo wa kupoza au maji yamepungua. Subiri injini ipoe, ongeza, kisha tafuta yanakovujia, maana hayakutoweka bure.

*Mluzi kwenye mwendo mkubwa tu.* Bandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi juu ya nafasi zote za mlango na pembe za kioo cha mbele, uendeshe. Mluzi ukikoma, bandua kipande kimoja kimoja kwa kila mzunguko mpaka urudi. Raba iliyo chini ya kipande cha mwisho ulichobandua ndiyo ya kubadilisha.